Tulimfukiza mama mvuje, hakupepesa hata jicho

Salaam wakuu. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila hata kuacha like, nawaona, karibuni pia.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Ni aibu yangu mwenyewe na siipaki sukari. Anayetaka kunitukana asome mpaka chini kwanza, huko ndiko kuna pa kunitukania vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, Kilindoni, Mafia. Mdomo wangu hauna breki na nimeurithi kwa mama. Mama yangu anakaa Baleni na dada yake, mama mkubwa wangu. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Huyo mama, wakuu, harusi ya Baleni bila yeye ilikuwa haijaanza. Vigelegele vyake unavisikia kutoka barabarani. Akicheka anajishika mbavu mpaka kanga inamvuka. Na ni msusi hodari wa ukili, ule ukanda wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Anasuka huku anakusimanga, mkono hauangalii.

Mwaka mmoja kabla sijajifungua akaanza kupoa. Harusi haendi. Ukimuuliza, "Sijisikii tu." Nikimpigia simu namsalimia, kimya. Nasema halo, halo, mtandao wa huku mnaujua, nakata.

Kumbukeni hapo kwenye kukata simu.

Nikajifungua mtoto wa kike. Nikampa jina la mama, Mwanahawa, kwa hiyo wakawa somo. Kwetu ukijifungua unakwenda kwa mama yako siku arobaini. Anakukanda maji ya moto, anamwogesha mtoto, wewe kazi yako kunyonyesha na kula. Nilikwenda Baleni na furaha yangu yote.

Nikamwekea mtoto mapajani.

"Mama, somo yako huyo."

Akamtazama. Uso haukusogea. Si mdomo, si shavu, si nyusi. Akasema "Mashaallah" kwa sauti ndogo, kavu, kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Nikajiambia amechoka.

Siku zikaenda, uso ni uleule. Anamwogesha mtoto na uso ule, anakula na uso ule. Nikawa nanyonyesha huku namwangalia, nikagundua hapepesi macho. Siku moja nikahesabu. Nilifika arobaini na kitu ndipo kope zikashuka, taratibu, zikapanda tena. Nilipata baridi mgongoni, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka uwanja mzima.

Halafu yale majibu.

Mama mkubwa anamuuliza, "Maharage umetia chumvi?" Kimya. Tunahamia habari nyingine, mbuzi wa jirani kala mihogo ya nani, mama mkubwa anatoka kwenda kisimani. Mlango mtupu. Mama anautazama ule mlango anasema, "Nimetia."

Nani kamuuliza? Nywele zinasimama.

Mara nyingine anageuza shingo kidogo upande wa kushoto. "Mgeni mbona hamjampa chai?"

"Mgeni yupi mama?"

Anakaa. Anakaa. "Nilidhani kuna mtu kakaa hapa."

Anasema bila woga wowote, kama anazungumzia kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Na kila mara ni upande uleule.

Lakini kilichonimaliza ni usingizi wake. Baada ya adhuhuri hujinyoosha kidogo. Siku ya kwanza nimesikia kelele nikadhani amevamiwa. Nimekwenda, kalala, macho yamefumba, anarusha ngumi ukutani na kupiga kelele, "Toka! Toka kwenye shamba langu!" Na ile sauti, wakuu, ilikuwa sauti yake ya zamani. Ile ya harusini. Nilikuwa sijaisikia mwaka mzima, kumbe ipo humo ndani, inatoka akilala tu. Akiamka inarudi ile ya kibao.

Nilikaa chini nikalia. Nikaanza kuamini kuwa anayeamka si yule aliyelala.

Siku ya kumi na tatu ndiyo ikaharibu kila kitu.

Kwetu nguo za mtoto mchanga zinafukizwa udi. Chetezo cha makaa chini, juu yake tenga, nguo zinatandazwa kwenye tenga. Ni kazi ya bibi. Nilikuwa bafuni, mtoto yuko kitandani, mama kakaa pale pale na chetezo chake anasuka ukili wake. Naoga hukohuko nasikia harufu ya kitu kinaungua. Nimetoka na kanga moja, chumba kimejaa moshi, nguo imedondokea makaa, mtoto anakohoa mpaka amekuwa mwekundu.

Na mama kakaa. Nguo inaungua hatua moja kutoka kwenye pua yake. Kakaa, macho wazi, anasuka.

Nilimnyakua mtoto nikapiga ukelele. Mama akanigeukia polepole. "Nini?"

Mama mkubwa alipofika hakuuliza mara mbili. "Huyu kaingiliwa. Mtu gani hasikii moshi? Subiri." Akaenda kuleta mvuje.

Anayeujua mvuje anaujua. Kwa wa bara: ni utomvu unaonuka vibaya kuliko chochote ulichowahi kunusa. Kwetu anayedhaniwa ana shetani anafukizwa mvuje, kwa sababu shetani hauwezi. Atapiga kelele, atakimbia, atataja jina lake. Binadamu mzima naye atakohoa na kukutukana. Hakuna asiyefanya kitu.

Mama mkubwa akatia donge zima kwenye makaa, akakisogeza chetezo chini ya kidevu cha mama. Mimi mlangoni nilitapika. Mama mkubwa mwenyewe kajifunga ushungi puani, machozi yanamtoka.

Mama alikaa ndani ya ule moshi akatutazama. Hakukohoa wala hakuziba pua. Hakupepesa.

Mama mkubwa akarudi nyuma hatua mbili akasema kwa kunong'ona, "Shetani huyu hapandi wala hashuki. Huyu keshakuwa mwenye nyumba."

Nikaanza kufunga mizigo.

Arobaini yangu niliikatisha siku ya kumi na tatu. Nimempigia mume wangu aje na bajaji. Natoka uwanjani mtoto kifuani, mama kasimama mlangoni, mkono wake wa kushoto umening'inia. Akanyoosha wa kulia amshike somo yake. Nikamrudisha mtoto nyuma. Nilimrudisha nyuma, wakuu, kama namwepusha na moto.

Nikamwambia kwa hasira, "Mama, hivi wewe mtoto wangu humpendi?"

Akanitazama na uso ule. Kimya.

"Basi nimejibiwa." Nikapanda, tukaondoka.

Kesho yake mama mkubwa kanipigia. Anasema, "Mmeondoka, vumbi limetua, hakuna mtu uwanjani. Akasema peke yake, 'Nampenda sana.' Anaongea nao hao. Nimezungumza na mganga wa kisiwani Bwejuu, atachezewa ngoma huko, atakaa mpaka watoke."

Nikasema sawa. Niliona bora.

Baada ya wiki mbili mama mkubwa akamleta mama Kilindoni kununua vitambaa alivyotaka mganga, cheupe, cheusi na chekundu. Tulikutana dukani kwa Mama Zarina, mama wa Kihindi ninayechukua kwake nyuzi siku zote. Mimi na mtoto tulisimama pembe ya mbali. Mama akaingia kwa hatua fupifupi, mkono wa kushoto umekufa ubavuni. Akanitazama mimi, akatazama kile kifurushi kifuani kwangu, akakaa kwenye kiti. Hakusogea kuja. Alishajua haruhusiwi.

Mama Zarina alikuwa anapima kitambaa chekundu. Mkasi ukasimama.

"Huyu mama mkono wake hivi tangu lini?"

Mama mkubwa akamwambia ni mashetani, kesho tunavuka Bwejuu.

Mama Zarina akanigeukia mimi. "Anasikia harufu?"

Wakuu, kajuaje huyu? Sikumwambia mtu yeyote habari ya mvuje. Nikatikisa kichwa kuwa hasikii.

"Akilala anapigana? Uso umekauka? Baba yangu alianza hivihivi. Mimi si daktari, sisemi ni ugonjwa huohuo. Lakini kitambaa sikuuzii leo. Mpeleke hospitali kwanza, Bwejuu haihami."

Mama mkubwa aliondoka kwa matusi ambayo siyaandiki hapa. Lakini mama hakwenda Bwejuu. Mume wangu alitumia uhodari wake wote, tukavuka naye Dar kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu.

Daktari kijana, mpole. Akamtazama anavyotembea, akamwambia agonganishe vidole, aandike jina lake. Mama akaandika Mwanahawa. Herufi ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, mwisho ilikuwa nukta. Kisha daktari akamuuliza mwenyewe, "Mama, huwa unahisi kama kuna mtu kakaa karibu yako?" Nilikaribia kudondoka kwenye kiti.

Akamuuliza, "Una wajukuu wangapi?"

Kimya. Mimi na mdomo wangu nikafungua nijibu. Daktari akaninyooshea kidole. "Msubiri."

Tukasubiri. Feni inalia, nje mtu anaitwa, mlango unafungwa. Nilishaona hajibu.

"Mmoja," mama akasema. "Somo yangu. Ila sijamshika siku nyingi."

Daktari akaniambia ni Parkinson. Mimi nilijua Parkinson ni kutetemeka, mama hatetemeki. Akasema kabla ya mtetemeko yanaweza kutangulia mengine: pua inakufa, usingizi unakuwa wa vita, uso unaganda, hamu ya mambo inazima, mawazo yanakwenda polepole. "Akili yake ipo. Swali linafika na jibu linakuja, ila linachukua muda njiani. Nyie mnaondoka kabla halijafika."

Hapo ndipo nikasikia ule uwanja. Vumbi limetua, hakuna mtu.

"Nampenda sana."

Lilikuwa jibu langu. Nilimuuliza mimi. Alikuwa ananijibu mimi, na mimi nilikuwa kwenye bajaji. Na simu zote nilizokata je? Nililia pale hospitali mpaka nesi kaniletea maji.

Nilimshika mama mikono nikamwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi hata kumchekea mtoto. Safari hii nikafunga mdomo, nikangoja. Likaja.

"Nilikuwa namchekea kila siku, mwanangu. Nilidhani mnaona."

Wakuu, mama sasa anatumia dawa. Haziponyi, tumeambiwa wazi, ila zimempa wepesi kidogo, kona ya mdomo imeanza kusogea. Yule mgeni wa kushoto bado anakuja mara mojamoja. Mama anasema, "Najua hayupo," anaendelea na kazi yake. Mimi bado huwa naangalia kile kiti, sitawadanganya.

Nilichojifunza: mzazi wako akibadilika, usikimbilie kumtafuta aliyemwingia. Muulize kama anasikia harufu, muulize anavyolala, mpeleke akapimwe. Na ukimuuliza kitu, kaa umngoje. Mwenye mzazi wa hivi, au aliyewahi kumfukiza mtu kama sisi, aandike hapo chini. Matusi ruksa.

EDIT: Mnaouliza ule ukili aliokuwa anasuka. Ulikuwa wa mkeka wa mtoto. Nimeukunjua juzi: mwanzo upana wa vidole vinne, unakwenda unapungua, unapungua, mwisho kidole kimoja. Miezi yote ile ulikuwa unatuambia na sisi tunapita juu yake. Nilitaka ufumuliwe usukwe upya, mama akakataa, mama mkubwa kaushona hivyohivyo. Umepinda kama nini sijui.

Mtoto anaulalia. Bibi yake akimwinamia na uso wake ule, mtoto anacheka mpaka anakwama pumzi. Hajawahi kuujua mwingine.