Enzi za Msumeno, Kabla Grenda Haijatawala Baray

Enzi zetu, ndugu zangu wa kidato cha tatu ambao magoti yameanza kuuma, yaani kama miaka mitano iliyopita, chuma kilikatwa kwa mkono. Vitoto vya leo vya darasa la nne havijui hilo. Vikibonyeza kitufe vikaona cheche, vinajiita mafundi. Sisi tulikuwa na malengelenge viganjani, tukionyeshana shuleni kama vyeti.

Baba alikuwa na karakana hapa Baray, akitengeneza vyuma vya boti za Ziwa Eyasi. Nakumbuka harufu ya oili chafu tuliyoidondoshea misumeno, na makande ya mama yaliyoingia unga wa chuma. Sijui kama kuna aliyewahi kupungukiwa damu nyumbani kwetu. Ukiharakisha, baba anafoka: "Vuta polepole wewe! Unakata chuma au unafukuza nyani shambani?"

Kaka Paskali alipoleta grenda ya umeme kutoka Arusha, baba aliitangazia vita. Aliwahubiria wateja kwamba chuma cha grenda kinaungua, magadi ya ziwa yatakimaliza kwa msimu mmoja tu.

Aliyeamini kuliko wote ni Mama Neema, mwenye boti mbili. Siku moja alikuja kutaka bamba la kufungia injini, lililokatwa kwa mkono tu, na gari la ziwani lilikuwa linaondoka saa nane.

"Likikosekana, shemeji, naenda Karatu mjini na hapa sirudi."

Akakaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, macho kwetu.

Saa saba bamba halijafika hata nusu, na bledi ya mwisho ya msumeno ikakatika. Baba akabeba bamba na ile grenda ya Paskali, akapotelea nyuma ya karakana, ambako mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma. Mimi akanipachika mlangoni na fremu ya msumeno isiyo na bledi.

"Kata," akaninong'oneza. "Na utoe jasho."

Nilikata! Nilivuta hewa, nikaguna, nikajipangusa paji la uso. Kwa mama ntilie wakanipigia makofi. Ndipo jirani akazima mashine akale ugali, na grenda ikabaki inalia peke yake Baray nzima. Mimi bado nakata.

Mama Neema alivuka barabara, akazunguka nyuma, akamkuta baba katikati ya cheche.

"Shemeji! Na yale magadi?"

Baba akakohoa. "Hii grenda ni ya aina nyingine."

"Kumbe miaka yote unanikalisha kwenye benchi nusu siku kwa mahubiri! Malizia upesi, gari linapiga honi."

Gari aliliwahi, na mjini hakwenda. Leo kila kona ya Baray ni cheche, na bamba linakatika kabla chai haijapoa. Sikatai, ni maendeleo. Ila nawahurumia watoto wa siku hizi: hawatajua raha ya kupigiwa makofi kwa kukata kitu ambacho hakipo.