Mguu wa Mafuta

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa pikapu ya kituo cha polisi, na mtaa mzima ulimwita Resi. Hakuwa askari. Hakuwa na cheo wala bunduki, alikuwa na ufunguo wa gari basi, na jina hilo lilimpata kwa kazi yake halisi, ambayo hata kuendesha haikuwa.

Sajenti wa kituo kile, ambaye wote tulimwita Afande tu, alikuwa na mtindo wake. Akienda kumpiga mtu nyumbani kwake, Resi hushika usukani nje ya mlango, giya huru, anapiga resi, yaani anakanyaga mafuta mpaka chini. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka siku nyingi na ile pikapu ilinguruma mpaka vyombo vya majirani vinatikisika kabatini. Afande na askari wake wawili wanafanya yao ndani: nyundo, kitako cha bunduki, vidole vya mtu vinawekwa kwenye kizingiti na mlango unafungwa. Nje kinachosikika ni gari. Akimaliza anatoka akijifuta mikono, anapanda, wanaondoka, mara nyingine na huyo mtu katupwa nyuma. Wenye maduka waligoma kumpa hongo yake mara moja tu, hawakurudia.

Mimi ni fundi magari, na ile pikapu naijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Betri yake ilikuwa imekufa kitambo. Kila hela ya betri mpya ilipotoka, Afande aliitia mfukoni, kwa hiyo ukizima gari haliwaki tena mpaka lisukumwe. Resi aliliacha linaunguruma tangu asubuhi hadi jioni.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mpole, mcheshi, anamtania dada kuhusu chumvi na bado anamaliza sahani. Jioni alileta pikapu gereji kwangu kuiosha nyuma, na maji yalitoka mekundu yakaingia kwenye mtaro wangu. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia ile kazi ina damu na anajitia hamnazo. Akajibu huku akisugua kwamba yeye anakanyaga tu, ya ndani hayaoni wala hayasikii. Na kweli alikuwa hayasikii. Ule mngurumo ulimfaa yeye kuliko ulivyomfaa Afande. Nilitamani kumpiga na spana.

Mdogo wetu wa mwisho, Kioo, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na chumba chake kilikuwa nyuma ya hicho kibanda. Afande alimpelekea mfuko wa simu zilizoporwa na wezi aliowalinda, azifungue zikauzwe. Kioo alimrudishia mfuko mbele ya wateja, akamwambia azipeleke kwa wenyewe. Afande akatabasamu. Niliposikia habari ya hilo tabasamu nilifunga gereji nikamfuata. Nilimsihi Kioo aende kwa shangazi kwa muda, akasema hakimbii kwake kwa ajili ya mwizi mwenye mkanda. Basi nikamwendea Resi, mbele ya dada, nikamtaka aahidi.

"Mdogo wenu ni mdogo wangu," akasema. "Hawamgusi nikiwa hai."

Haukupita muda. Mchana mmoja Afande alikaa mbele kando yake, akawa anamwelekeza: nyoosha, kushoto, kushoto tena. Resi aliniambia baadaye kwamba alipokata kushoto ya pili alikuwa ameshajua wanakokwenda. Walisimama mbele ya kibanda cha Kioo.

"Afande, huyu ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana nimekuja na wewe. Piga resi."

Akapiga. Nalisema hili na moyo unaniwaka hadi leo. Afande aliingia na nyundo, mlango wa chumba ukavunjwa kwa teke, na mume wa dada yangu akakanyaga mafuta kama siku zote.

Mama muuza mkaa aliyekuwa ng'ambo ya kichochoro aliona yote. Anasema moshi ulijaa mpaka akaanua nguo. Anasema Resi alikuwa analia wazi, kamasi zinatoka, na mguu haunyanyuki. Dirisha la chumba likapasuka kwa ndani, kitu kizito kikagonga ukuta, mara moja, tena, tena. Hapo Resi akanyoosha mkono akauzungusha ufunguo. Gari likazima.

Kichochoro kizima kikasikia. Kilichosikika kwanza ni nyundo, ikishuka juu ya kitu kisicho mbao. Kisha sauti ya Kioo, ambayo ilikuwa imeshaanza kukwama kwa damu. Hakuwa anamwita Mungu wala marehemu mama. Alikuwa anasema, "Shemeji. Shemeji. Shemeji." Aliujua mngurumo wa ile pikapu. Alijua nani yuko nje.

Milango ikafunguka. Mama wa mkaa alitoka na sepetu yake, wakafuata wengine, wanawake kwa wanaume, wakajaa mbele na nyuma ya gari. Afande akatoka, shati limerukiwa na damu mpaka kwenye kola, nyundo bado mkononi. Akamwambia Resi awashe. Resi akazungusha ufunguo, gari likakohoa mara moja likanyamaza.

"Linataka kusukumwa, Afande."

Afande aliwageukia watu akawaamuru wasukume. Hakuna aliyejongea. Wale askari wawili wakajaribu wenyewe, lakini mbele kulikuwa na ukuta wa watu. Hela za betri zote alizokula zilikuwa zimesimama pale pamoja naye. Akachomoa bastola, akawaangalia, akaona ni wengi mno. Akaiingiza dirishani na kumpiga Resi risasi kwenye goti la kulia, kisha akaongeza nyingine palepale. Wakaondoka kwa miguu, bunduki zimeelekezwa kwa watu. Jiwe moja lilirushwa likampasua askari mmoja sikio, na ndiyo adhabu pekee iliyotolewa. Afande alihamishwa kituo. Nasikia kapandishwa cheo.

Kioo hakufa. Taya lilikuwa limevunjika vipande, jicho la kushoto halikuokolewa, na mkono aliotengenezea simu hauwezi tena kushika bisibisi. Resi alikatwa mguu juu ya goti. Waliwekwa wodi moja, kitanda kwa kitanda, na dada akaweka kigoda chake katikati. Kila siku alileta supu laini, akawalisha kwa zamu, kijiko huku, kijiko kule. Mimi nilisimama mlangoni nisijue nimshukuru shemeji yangu au nimnyonge. Bila kuzima gari lile, tungemzika Kioo. Lakini kabla ya kuzima alikanyaga.

Kwa majuma kadhaa Kioo hakusema, taya limefungwa kwa waya. Siku waya ulipotolewa alijaribu ulimi taratibu, akageuza kichwa upande wa Resi.

"Nilikuita tangu walipovunja mlango."

"Sikukusikia," Resi akasema.

"Kwa nini hukunisikia?"

Resi alitazama shuka pale lilipolala bapa, mahali palipokuwa na mguu wake.

Dada alikuwa amenyanyua kijiko cha supu, na zamu ilikuwa ya mumewe. Alikaa nacho hewani hivyo mpaka supu ikaanza kupoa. Kisha akageuza kigoda, akampa mgongo mumewe, akamlisha mdogo wetu mpaka bakuli likaisha.