Shingo ya Mama Kerubo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Kisii, Daktari Mkuu wa kitengo alinisimamisha mbele ya kamera ya gama, mashine inayonasa mionzi itokayo mwilini.

“Eksirei hupitisha miale kutoka nje,” akasema. “Hapa tunamdunga mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo, tezi inaifyonza, kisha inajionyesha yenyewe. Kazi yako ni kusubiri.”

Namshukuru Mungu, kusubiri nilifundishwa kanisani.

Tezi tuliyoipiga picha mara nyingi ni dundumio, ile ya shingoni yenye umbo la kipepeo. Uvimbe unaofyonza dawa kupita kiasi tuliuita moto, nao ni nadra kuwa saratani. Usiofyonza tuliuita baridi, na huo ulihitaji uchunguzi zaidi.

Ndipo akaja Mama Kerubo, mchuma chai wa Ikonge, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu. Ugonjwa ulimtetemesha mikono, na shingoni alikuwa na uvimbe. Aliogopa kwamba kisu cha upasuaji kingemnyang'anya sauti.

Picha ikatoka tupu. Tezi nzima ilikuwa kimya.

“Mama, unatumia dawa gani?” Daktari Mkuu akauliza.

“Hakuna, daktari.”

“Hebu fungua leso hiyo ya shingoni.”

Shingo ilikuwa ya kahawia, kama iliyopakwa rangi.

“Aa, hiyo si dawa! Ni ayodini ya vidonda. Mama mkwe hunipaka kila asubuhi uvimbe unywee, nisiiaibishe familia hospitalini.”

Daktari alicheka kidogo, kisha akaeleza: ayodini ni chakula cha tezi hii na hupenya ngozi; tezi ikishashiba haipokei dawa yetu. Aache kupaka, arudi baada ya wiki kadhaa.

“Turudi tena?” akafoka mumewe, aliyekuwa amemsindikiza. “Chai itachumwa na nani? Kateni tu, tumalize!”

“Baba Kerubo, shingo ni yangu,” akasema mama, akifunga leso. “Nitarudi, hata kwa miguu.”

Akarudi, shingo safi. Safari hii doa moja liling'aa kwenye kioo, na tezi iliyobaki ilififia.

“Moto,” Daktari Mkuu akasema. “Hatukati.”

Alitibiwa kwa kumeza ayodini yenye mionzi, ile ile njaa ya tezi ikatumika kuuponya uvimbe.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii wakinitembelea huniuliza habari za mashine. Nawaambia kamera huonyesha tezi ilivyo leo. Ilivyolishwa jana, muulizeni mwenye shingo, tena kwa upole.

Siku ya Sabato, Baba Kerubo huketi kando yangu. Sauti ya mkewe ikipanda juu ya kwaya nzima, hunigusa kwa kiwiko.

“Sikia, mzee. Na mimi nilisema ikatwe.”