Nilivyokosa kazi ya fundi umeme Bwejuu kwa sababu ya mashine ya kufulia

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu, siyo jirani. Natamani angekuwa jirani.

Nina shahada ya umeme, nimesoma Tunguu, na huu ni mwaka wa pili niko mtaani "natafuta". Nshaomba kazi nyingi kiasi kwamba nikipigiwa na namba ngeni huuliza kwanza ni nafasi ipi.

Mwezi uliopita hoteli moja ya Bwejuu ikaniita kwenye interview ya fundi wa matengenezo. Mama akanipongeza kwa namna yake:

"Hii ya mwisho, Haji. Ukiikosa, Jumatatu unakwenda dukani kwa mjomba wako Mlandege, ukauze mapazia."

Sina ugomvi na mapazia. Lakini miaka minne ya kusoma transfoma, halafu nimpimie mtu pazia la sebuleni?

Basi nikajiandaa. Niliandika majibu ya maswali sitini. Lile la "udhaifu wako ni upi" lilikuwa na majibu manne, moja kwa kila aina ya bosi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka dada yangu akaniuliza nakwenda kuposa wapi.

Niliwaza hata habari ya mkono. Bosi akiwa mwanamke, nimpe mkono au nisimpe? Nikimpa, ataniona sina adabu? Nisipompa, ataona nina dharau? Siku mbili hizo.

Bosi alikuwa mwanamume.

Kufika kule, hakuna meza, hakuna maji ya chupa, hakuna "tuelezee kuhusu wewe". Mkuu wa matengenezo, baba mmoja ndani ya ovaroli, aliitazama suti yangu kwa huruma, akanipeleka chumba cha kufulia.

"Mashine hii inasimama katikati ya kazi. Una nusu saa. Nambie ina nini."

Mle ndani alikuwamo Bi Asha, mama wa makamo anayefua mashuka ya hoteli. Alikuwa anakunja taulo. Mimi kichwani bado napanga yale majibu sitini, nikamwambia, "Good morning."

Kwa Kiingereza. Mama wa umri wa kuamkiwa, ndani ya Unguja hii hii. Nilidhani ndo u-professional wenyewe. Akaninyanyulia macho, akarudi kwenye taulo zake.

Nikavua koti, nikatoa mita. Nikapima waya, fyuzi, swichi ya mlango, mota. Kila kitu kizima.

Mtu mwenye akili timamu angesema, kumbe umeme hauna tatizo. Mimi nikasema tatizo limejificha. Kadiri nilivyozidi kulikosa ndivyo nilivyozidi kuliona kubwa.

Nusu saa iliisha nikiwa nimelala sakafuni, tai imeingia grisi. Nikatoa ripoti kwa sauti ya uprofesa:

"Ni bodi inayoongoza mashine. Imekufa. Itabidi iagizwe Dubai."

"Dubai?"

"Naam."

"Haya. Kaa pale nje."

Aliyefuata alikuwa Makame, kijana wa Nungwi, fundi wa mafriji, hana shahada, kavaa makobazi. Wallahi nilimwonea huruma. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia kila kitu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na kazi. Mashine yenyewe inakutesaje?"

"Wee, niache! Asubuhi inafua vizuri tu. Ikifika saa nne, yule wa bustani akishafungua mpira wake kumwagilia maua, basi. Inanguruma kidogo, inazima. Akiufunga, nnaiwasha, inakwenda."

"Kumbe maji hayaitoshi."

"Si ndo hivyo! Yanakuja kiduchu."

Makame hakugusa hata skrubu moja. Alifungua bomba, akayatazama maji, akamwambia mkuu kwamba mashine ni nzima, ila presha inashuka bustani ikimwagiliwa, kwa hiyo chumba cha kufulia kipewe bomba lake peke yake. Dakika saba. Na kati ya hizo, tano walikuwa wanaulizana hali za watoto.

Mimi pale nje nikajipa moyo kwamba labda watatuchukua sote wawili. Mmoja wa maji, mmoja wa Dubai.

Kabla ya kuondoka nilirudi ndani kwa aibu.

"Shikamoo, Bi Asha."

"Marahaba, baba. Sasa ndo umefika?" Akacheka mpaka taulo zikamwanguka. "Nusu saa nzima nimekaa hapa nasema huyu ataniuliza, huyu ataniuliza. Wewe unaitomasa mashine tu!"

"Mbona hukunambia?"

"Umeingia na kizungu chako, nikajua mwenyewe unajua."

Kazi kapata Makame. Mimi Jumatatu nilikuwa Mlandege, na sasa naweza kutofautisha pazia zito na jepesi nikiwa nimefumba macho. Elimu haina mwisho.

Somo nililopata, wakuu: yale maswali sitini yote yalikuwa ya kuulizwa mimi. Sikuandaa hata moja la kumuuliza mtu. Fundi mwenzangu unayekwenda kufanyiwa practical, mtafute anayeitumia ile mashine kila siku, mwamkie, mwache aseme. Mita itakusubiri.

Alhamisi nina interview nyingine, kiwanda cha barafu hapa mjini. Mjomba kanipa ruhusa ya nusu siku, mama hajui.

Kwa hiyo naomba kuuliza. Kuna yeyote humu anayefanya kazi kiwanda cha barafu, au mwenye shangazi anayefanya kazi huko? Siombi connection. Nataka tu kujua mashine zao zinawasumbuaje, na saa ngapi.

Wa kunicheka nanyi karibuni, ila wenye majibu watangulie.