Nani Alichukua Pompe Yangu

Niliikosa pompe yangu Ijumaa, siku tatu kabla ya kwenda kupimwa jeshini. Pompe ni kile kichupa cha bluu cha kuvuta dawa, sisi wenye asme, yaani pumu, hatutembei bila hicho. Yangu niliificha ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu cha zamani, kiatu chini ya kitanda. Niliinua kiatu nikakiona chepesi. Palepale nikajua nimeuzwa.

Mimi ni msichana wa kushuku, sikatai. Lakini nyumba yetu ya Katuba ilikuwa na watu watatu tu: mama, dada yangu mkubwa niliyemwita yaya, na mimi. Mama hakujua kama bado ninavuta dawa. Nilipomaliza shule nilimwambia asme imekwisha, kwa sababu nilichoka kushikwa kama yai. Kifua kikibana nilikwenda chooni uani, nikavuta mara mbili, nikarudi na uso wa mtu asiye na jambo. Mama akiuliza, "Uko muzuri?" nilijibu, "Niko muzuri, mama." Miaka minne ilipita hivyo. Aliyejua ukweli ni yaya peke yake, maana ndiye aliyekuwa akiniletea dawa. Na yaya huyohuyo hakutaka hata kusikia habari za jeshi.

"Batakuua na mbio tu," aliniambia, "hata adui hajakuona."

Mimi nililitaka jeshi kwa hasira, niseme wazi. Utoto wangu wote niliketi kwenye benchi nikishika mabegi ya wenzangu wakicheza. Acha kukimbia, acha vumbi, acha baridi, acha kucheka sana. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kama niko muzuri. Kwenye karatasi ya kujiandikisha waliuliza kama umewahi kuugua asme, hata utotoni, na kila mtu alijua kwamba anayekubali anarudishwa kwao. Niliandika "Hapana" kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo pompe ilipopotea sikutafuta mbali. Yaya alipokwenda kuoga nilifungua mkoba wake nikapekua mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Bure. Jumamosi akasema anakwenda Ruashi kumwona rafiki. Ruashi? Rafiki gani? Mbona hakuwahi kumtaja? Nilimwona akipanda gari na nguo nzuri, nikasema moyoni, haya, anakwenda kuwaonyesha wakubwa wa jeshi. Jumapili nikashindwa kunyamaza.

"Rudisha kitu yangu," nilimwambia, mama akiwa nje.

"Kitu gani?"

"Pompe! Weye ndiyo uliiba, ili banirudishe."

"Aka! Mimi?"

"Nani mwingine? Yuda weye!"

Alichukua ndoo akaenda bombani. Nikachukulia kuondoka kwake kuwa ni kukiri. Jumatatu asubuhi nilipoamka alikuwa ameshatoka, nami nilikwenda kupimwa nikiwa na hakika kwamba amenitangulia huko.

Mama alinisindikiza. Alibaki nje ya uzio pamoja na wazazi wengine, rozari mkononi, akiimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa kiangazi, baridi ya asubuhi inauma puani na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Ndani, kila aliyenitupia jicho nilimshuku. Yule anayeandika majina, mbona amecheka? Msichana aliye nyuma yangu, mbona anahesabu pumzi zangu?

Muuguzi wa jeshi alikuwa mzee wa mvi. Alisoma jina langu, akaweka kalamu chini.

"Ndiyo weye mutoto wa ule mama wa Katuba? Mama wa ushuhuda?"

"Ushuhuda gani, papa?"

Naye akanieleza huku uso umemng'aa. Katika kikundi cha sala cha parokia yetu, mtu aliyepona analeta kitu cha ugonjwa wake, iwe fimbo ya kutembelea au kopo la vidonge, anakiacha mbele ya altare. Alhamisi mama alisimama mbele ya watu wote, akainua kichupa cha bluu. Alikuwa amekiokota akifagia chini ya kitanda, ndani ya kiatu ambacho sikivai tena. Akanitaja kwa jina, akasema mtoto wake alikuwa na asme tangu mdogo, miaka minne sasa hajabanwa hata mara moja, na wiki ijayo anaingia jeshini. Watu walipiga makofi. Muuguzi alikuwa amekaa mstari wa pili.

Kumbe! Alikuwa mama. Wala hakuniuza, alishukuru tu kwa uongo wangu.

"Mungu alishafuta," muuguzi akasema. "Mimi ni nani niandike tena?" Akaandika kwamba ninafaa, akanipa karatasi. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilitoka nje kukimbia nikiwa nimeikunja karatasi ile mkononi.

Nilizunguka uwanja mara zote walizotaka, na sikuwa wa mwisho! Lakini asme ni mwongo kama mimi, inakuacha umalize kwanza. Nilipokuwa kwenye mstari wa kurudisha karatasi, karibu na uzio, kifua kikaanza kufunga. Hewa iliingia kidogo, ikakataa kutoka. Mama aliona nimemaliza, akapandisha sauti ya wimbo, akapunga rozari. Muuguzi alisimama mlangoni akitabasamu.

Mkono ukapenya kwenye uzio, ukanishika nguo. Alikuwa yaya, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Tangu Jumamosi alizunguka famasi za mji, kuanzia Ruashi kwa kisingizio cha rafiki, akitafuta dawa yangu iliyokuwa imeadimika, kwa kuwa alijua ile ya kwanza inakaribia kwisha. Aliniwekea kiganjani kichupa kipya.

"Vuta."

"Mama... anaangalia."

"Aangalie. Vuta, minasema!"

Nilimwangalia mama akiimba. Nilimwangalia muuguzi. Nilikuwa nimebakiwa na watu wawili tu mbele yangu kwenye mstari. Nikavuta, moja, nikashika, nikavuta tena.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Muuguzi alikuja polepole, akachukua karatasi mkononi mwangu, akaitia mfukoni mwake. "Rudi nyumbani, binti," aliniambia, bila hasira. Nililia njia nzima, kwa ajili ya jeshi na kwa ajili ya lile jina nililomwita yaya. Yaya alinishika mkono hata hivyo. Mama alitembea mbele yetu, hakugeuka hata mara moja.

Nimeshamwomba yaya msamaha, naye ananitania mpaka leo kwamba Yuda ananunua dawa. Mama hajatoa ushuhuda tena. Kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini bado ananiuliza kama niko muzuri, nami bado ninajibu kwamba niko muzuri, na sasa ni kweli mara nyingi. Lakini ananigeuza, anaweka sikio mgongoni pangu, anasikiliza mwenyewe.