Koti la Baba Ndani ya Mto

Kuna sauti moja inayonikosesha raha hadi leo: mkasi mkubwa ukitafuna kitambaa kizito juu ya meza ya mbao. Majuzi nilikuwa kwa fundi mmoja mjini Kakamega, nimempelekea gauni alipunguze kiuno. Alipoanza kukata suti ya mteja mwingine, nilishtukia nimeshatoka nje, nimesimama kwenye baraza. Yule fundi akaniuliza kwa utani kama nadhani baada ya suti atanikata mimi. Nilicheka naye, lakini gauni nililifuata siku nyingine.

Sauti hiyo niliisikia mara ya kwanza nyumbani kwetu, upande wa Butere, nilipokuwa na miaka minane. Baba alikuwa dereva wa trekta la miwa. Lilipinduka naye mtaroni na miwa yote ikamwangukia, na waliomtoa walikatazwa kutusimulia walichokiona. Walisimulia hata hivyo, kwa kunong'ona, na mimi nilikuwa na masikio makali. Kwa hiyo nilijua kifua cha baba kilikuwaje. Nilikuwa nikiingia chumbani mchana, nafungua sanduku la bati, nazika uso wangu ndani ya koti lake la kahawia la harusi, ambalo lilikuwa zima, halina damu, na bado linanuka sabuni ya kunyolea na molasi.

Sasa nikueleze mambo ya kwetu, usije ukaona tulikuwa wendawazimu. Katika ukoo wetu, wiki kadhaa baada ya mazishi, watu hukusanyika kugawana nguo za marehemu. Mkeka hutandikwa uani, nguo zinapangwa juu yake, na kila ndugu anapewa yake. Koti ndilo jambo lenyewe. Atakayelivaa koti mbele ya watu ndiye amechukua nyumba, na kuchukua nyumba maana yake ni kumchukua mwanamke aliye ndani. Ukishamwona mtu amelifunga vifungo, hakuna wa kubisha tena.

Koti la baba lilikuwa likimsubiri Baba Mkubwa, kaka yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha mwingi kilabuni na mkono mwepesi nyumbani. Mke wake alikuwa na jicho moja lililofumba kabisa, na hakuna aliyewahi kuuliza limefumbwa na nini kwa sababu sote tulijua. Siku ya Jumapili, wiki ile ya kugawa, Baba Mkubwa alikuja kwetu akalijaribu koti mbele ya kioo chetu kilichopasuka. Lilimbana mabegani. Akamwambia mama alilegeze mishono kabla ya Jumamosi ya kugawa, maana mama alikuwa fundi wa kushona, na akatoka anapiga mluzi.

Jumatatu mama alikoroga uji wetu kama kawaida, akaketi kwenye cherehani, akaanza na suruali. Kutoka shule nilimkuta amekata za kaki zote mbili vipande vya mraba, vya upana wa vidole vinne. Jumanne akakata mashati. Jumatano ikawa ovaroli ya bluu ya kazini. Alisema tunashona mto wa kiti, na mimi niliona sawa tu. Kila nyumba ilikuwa na mto. Alinifundisha kupanga viraka sakafuni, cha kaki karibu na cha bluu, cha mistari karibu na cheupe, kisha akaviunga, akavilaza juu ya kipande cha blanketi kuukuu, na chini akaweka kitambaa cha gunia la unga. Tabaka zote tatu alizipitisha sindano pamoja, mistari kwenda na kurudi, mpaka zikawa nene na ngumu. Alivuta uzi kwa hasira nisiyoijua. Nilijichoma mara mbili na kunyonya damu yangu, na nilijiona fundi.

Alhamisi niliporudi, koti lilikuwa mezani.

Alikuwa ameshalitoa mkono mmoja. Ulikuwa umelala pembeni, umekunjika kwenye kiwiko kama baba alivyokuwa akiukunja, na mkasi ulikuwa ukipanda mgongoni. Nilipiga ukelele nikamrukia mama, nikamng'ata mkono mpaka nikahisi chumvi. Alinizaba kofi moja nikaangukia mlango. Sijawahi kupigwa vile na mama, si kabla wala baada. Kisha akarudi mezani, damu inamtiririka kwenye kifundo, akaendelea kukata. Mabaki yote ya kitambaa, kola, bitana, mifuko, hata mikanda ya suruali, aliyachanachana kwa wembe akayashindilia ndani ya mto. Vifungo alivitupa chooni. Nguo za baba zikaisha zote, haikubaki hata soksi.

Usinihukumu haraka. Nilikuwa mtoto na lile koti lilikuwa ndilo baba yangu. Ijumaa asubuhi nilivaa sare ya shule, nikashika njia ya shule, halafu nikakata kona katikati ya miwa. Nilikimbia mpaka kwa Baba Mkubwa. Alikuwa uani ananoa panga. Nilimwambia maneno matano tu, kwamba mama amekata koti la baba. Niliona shingo yake ikivimba. Nilifurahi. Hilo nalisema wazi, moyo wangu ulifurahi.

Alitembea haraka na mimi nikawa nakimbia nyuma yake. Mlango wetu ulikuwa wazi, lakini aliupiga teke hata hivyo, bawaba ya juu ikang'oka. Mama alikuwa anafunga mdomo wa mto kwa mishono ya mwisho, ameketi sakafuni.

"Koti ya ndugu yangu iko wapi?" alisema Baba Mkubwa.

Mama alimwonyesha mto.

"Sisi hatukatangi nguo ya mtu amekufa," alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alimpiga kwa ubapa wa panga. Pigo la kwanza lilitua begani, la pili mgongoni, na kila moja lilitoa mlio kama wa kuanika godoro na kulipiga fimbo. Mama hakulia. Alikuwa ameulalia mto, kwa hiyo Baba Mkubwa akamvuta kwa nywele, na aliposhindwa kumbandua akakanyaga mkono wake kwa buti. Nilisikia vidole. Alipiga cherehani teke, ikaanguka na gurudumu lake likaendelea kuzunguka hewani. Mimi nilikuwa nimeganda ukutani, nimejikojolea, nataka kusema basi, inatosha.

Ndipo Kukhu, nyanya yetu, mama yake Baba Mkubwa na baba, aliingia kutoka jikoni kwake. Alikuwa bado ameshika mwiko wenye obusuma, ugali wa kwetu. Hakukemea mtu. Alimsogeza mama kwa goti, taratibu, akauvuta ule mto, akauweka katikati ya sakafu, akaukalia. Alinyoosha miguu mbele, akalipanga gauni lake vizuri.

"Sasa kama unataka koti, nitoe," alimwambia mwanawe.

Kwetu mwanamume hamnyanyui mamake kwa nguvu kutoka alipokaa. Akifanya hivyo amejitafutia laana, yeye na watoto wake. Baba Mkubwa, ambaye hakuwa akimwogopa chifu wala padri, aliliogopa hilo. Aliinua panga. Sijui alitaka kufanya nini nalo, na nadhani hata yeye hakujua. Akasimama hivyo, anahema, huku mama yake akimtazama na kuutafuna ule obusuma wa kwenye mwiko. Mwishowe aligeuka, akaukata mwimo wa mlango mara tatu, vipande vya mti vikaruka, akaenda zake.

Jumamosi watu walikuja. Mkeka ulitandikwa, na juu yake hapakuwa na nguo ila Kukhu, amekalia mto tangu asubuhi mpaka watu walipomaliza chai na kuaga. Hakuna aliyevaa kitu. Wazee walikohoa, wakaombea chakula, wakala kuku. Mama alibaki katika nyumba yake na hakuchukuliwa na mtu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Alijifunza kusukuma kitambaa kwa ngumi, na akatusomesha kwa ngumi hiyo.

Ilinichukua miaka mingi kumwambia kwamba ni mimi. Nilimwambia Desemba iliyopita, tukichambua mboga, nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Hakuinua hata kichwa. Alisema alijua siku ileile, kwa sababu niliingia nyuma ya Baba Mkubwa na sare ya shule wakati wengine wako darasani. Nikamwuliza kwa nini hakuniadhibu.

"Siku hiyo watu walikuwa wamepigwa ya kutosha," alisema, na kuniomba nimsogezee sufuria.

Kwa muda mrefu niliisimulia hadithi hii kama ya ukatili wa Baba Mkubwa, na ni kweli alikuwa mkatili. Nilijitetea pia kwa lile koti, kwamba nilikuwa namlilia baba. Lakini ningeweza kukimbilia kwa Kukhu, ambaye jiko lake lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Sikwenda kwake. Nilipita kwenye miwa maili nzima. Nilikuwa na miaka minane, hakuna aliyenifundisha, na tayari nilijua mtu akitaka mwanamke apigwe aende kwa nani.