Fundi Patrobas na Mafuta Yaliyoganda

Kofi la kwanza lilimkuta Patrobas akiwa bado anatabasamu. Alikuwa ameinuka kumpokea Kiarie, mwenye lori la kubeba mbuzi hadi kichinjio cha Kiamaiko, akidhani mteja amekuja kumshukuru. Wiki iliyopita alikuwa amelifungua lile lori injini yote na kuliwekea gasketi mpya ya hedi, ile inayozuia oili isiingie kwenye maji. Kofi la pili lilimwangusha juu ya spana zake.

Mimi ni Waithera, ila hapa gereji ya Shauri Moyo ni Mama Shirleen wa chai na supu ya mbuzi. Jiko langu liko hatua kumi kutoka meza ya Patrobas. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama na upawa mkononi kama mjinga.

"Umeniulia mbuzi kumi na moja," Kiarie alisema. Lori lilikuwa limechemka Barabara ya Kangundo likasimama juani, na wanyama wakafia humo humo walivyobanana. Alifungua kofia ya rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, akachovya kijiti, akatoa uchafu mzito mweupe kama uji, akampaka nao Patrobas usoni. "Oili iko kwa maji. Hiyo ni gasketi, hata mtoto anajua. Ulinirudishia ile ya zamani."

Patrobas alinusa. Nilimwona akivuta pumzi ule uchafu ukimtiririka puani. Akamtazama mara moja Sylvance, dereva wa Kiarie, halafu akaangalia chini.

"Gasketi ni nzima, mzee. Niachie gari. Rudi jioni ukiwa peke yako, tuongee."

Hilo la kurudi peke yake ndilo lililomtia Kiarie wazimu; aliona anachezewa. Alikuwa amekuja na wachinjaji wawili wenye panga, na mafundi wote niliowalisha miaka hii yote waligeuka wakaanza kutafuta nati chini ya magari. Walimburuta Patrobas hadi mezani. Kiarie akamwamuru Sylvance aushike mkono wa kulia juu ya chuma, naye akaushika kwa mikono miwili.

"Ni huu unafungia nao gasketi?"

Nyundo aliyoiokota mezani ilishuka kwenye kidole kidogo. Kilipasuka kama muwa. Patrobas alipiga kelele moja kisha akauma ukosi wa ovaroli yake. Kiarie alimuuliza tena, na Patrobas akajibu tena kwamba gasketi ni nzima na watu watulie hadi jioni. Nyundo ikashuka kwenye cha pili.

Sasa Patrobas ni mtu wa namna hii. Miaka tisa nyuma betri iliibwa hapa gereji, naye alimnyooshea mtu kidole: ni yule. Umati haukungoja polisi. Walimvika yule mtu tairi wakaliwasha, na Patrobas alisimama pale hadi moto ulipozimika. Tangu siku hiyo ukimwibia spana atasema imepotea. Nilimjua hivyo, lakini damu ilipoanza kudondoka mezani nilisahau yote ninayoyajua juu yake. Nilikasirika. Nilimkasirikia Kiarie, na nikamkasirikia zaidi Patrobas, mtu mzima mwenye mdomo anayekubali kuvunjwa kama kuni.

Nilichukua kikombe cha bati, nikaenda moja kwa moja kwa rejeta, nikachota. Mmoja wa wale wenye panga alinisukuma. Nikamwambia nina umri wa mama yake, aniguse tena aone. Nikakiweka kikombe juu ya moto wa jiko langu.

Kilipochemka, harufu ilienea gereji yote, na kila aliyewahi kunywa supu yangu aliijua. Kiarie aliiweka nyundo chini. Nikakitumbukiza kikombe kwenye beseni la maji baridi, nikangoja, nikakinyanyua na kukigeuza juu chini. Maji yalimwagika, lakini tabaka jeupe lilibaki limeng'ang'ania pembeni.

"Oili ya injini hata ikikaa mwezi haigandi," nilisema. "Haya ni mafuta ya mbuzi, ndiyo yameziba rejeta. Gasketi yako haina makosa. Sasa uliza ni nani ameongeza maji kwa hii rejeta."

Nilisema kwa maringo. Nilijiona nimeokoa mtu.

Mikono ya Sylvance ilikuwa tayari imemwachilia Patrobas. "Maji yalikuwa yanapungua, boss," alisema. "Nilichukua mtungi pale kichinjioni. Sikujua ulikuwa wa mafuta."

Kiarie aliwaashiria wachinjaji wake. Kwenye pembe ya meza kulikuwa na vaisi, ile ya kubania vyuma. Wachinjaji walimnyanyua Sylvance, mkono wake wa kulia ukaingizwa katikati, na Kiarie mwenyewe akazungusha mpini. Patrobas aliruka akaung'ang'ania ule mpini kwa mkono wake mzima. Alipigwa teke la tumbo, akarudi, akapigwa ubapa wa panga kichwani. Mpini uliendelea kuzunguka. Niliisikia mifupa ikivunjika, na nikasikia sauti ya Sylvance ikipanda hadi ikakatika alipozirai. Nilipiga mayowe waache. Hakuna aliyenisikiliza, maana la maana kwao nilikuwa nimeshalisema.

Walipoondoka, nilichana leso yangu nikamfunga Patrobas vidole huku tukingoja gari la kumpeleka Sylvance hospitali.

"Mbona hukusema, na pua unayo?" nilimuuliza.

"Nilijua tangu kofia ilipofunguliwa."

"Sasa?"

"Ningemwambia jioni, hasira ikiwa imeisha. Mimi vilikuwa vidole viwili tu, Mama Shirleen."

Sylvance alikatwa mkono juu ya kifundo. Siku hizi yuko hapa gereji, anaosha rejeta kwa mkono wa kushoto. Patrobas ndiye aliyemfundisha, naye vidole vyake vilipona vikiwa vimepinda. Mimi nilisema kweli. Najiambia hivyo kila nikiwasha moto, na bado roho inaniuma.

Saa nne asubuhi Patrobas hupita mbele ya jiko langu. Hunisalimia kwa heshima, huuliza hali ya Shirleen, kisha huvuka barabara kwenda kwa Lenah, muuza chai mwenzangu, kununua vikombe viwili vya chai, chake na cha Sylvance.